Sungura wa nyumbani Tanga: magonjwa yanayowapata mara kwa mara na lini ukimbilie kwa daktari

Sungura hawezi kutapika. Kinachoingia kinywani lazima kipite tumboni na kitokee nyuma, na njia hiyo ikisimama kwa nusu siku tu, mnyama yuko hatarini. Ndiyo maana mwenye mbuzi anaweza kusema "tumwangalie mpaka kesho", lakini mwenye sungura hana kesho ya kusubiri.

Halafu sungura ni mnyama wa kuwindwa. Porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, kwa hiyo yeye huficha maumivu mpaka mwisho. Halii wala hagaagai, anajikunyata tu pembeni na macho nusu wazi. Hapa mjini utasikia watu wakisema sungura "anakufa ghafla". Mara nyingi si ghafla. Alianza kuumwa tangu juzi, ila hakuna aliyetazama kinyesi chake. Ukitaka kushika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: kila asubuhi tazama kinyesi na chombo cha chakula kabla hujamtazama sungura mwenyewe.

Ukaguzi wa asubuhi

Fagia chini ya banda jioni, ili asubuhi uone kilichotoka usiku peke yake. Sungura hula sana usiku na alfajiri. Mkubwa mwenye afya hutoa punje kama 200 hadi 300 kwa siku, za mviringo, zinazolingana ukubwa, kavu kwa nje, na ukiivunja moja unaona nyuzi za majani ndani. Huna haja ya kuzihesabu. Baada ya wiki chache jicho litakuwa limezoea rundo la kawaida la sungura wako. Unachotafuta ni badiliko: punje zimekuwa ndogo na ngumu, nyingine kubwa nyingine ndogo, zimeungana kwa manyoya, zimepungua, au hazipo.

Kuna kinyesi cha aina ya pili kinachowatia watu hofu bure: laini, cheusi, kinachong'aa, kimeshikana vichala vidogo na kina harufu. Hicho sungura hukila mwenyewe, moja kwa moja kutoka mkunduni, na ni sehemu ya lishe yake, kwa sababu kimejaa vitamini na protini zilizotengenezwa na bakteria wa tumboni. Mwache ale. Ukikikuta sakafuni kila siku bila kuliwa, au kimeganda kwenye makalio, hiyo si kuhara. Ni kwamba anapewa wanga kupita kiasi: pumba, mkate, ugali uliobaki, ndizi. Punguza hivyo, ongeza majani.

Ukimaliza kinyesi, mshike mwenyewe. Pua iwe kavu. Upande wa ndani wa miguu ya mbele usiwe na manyoya yaliyoshikana, maana sungura mwenye mafua hujifutia pua hapo. Chungulia ndani ya masikio. Inua mdomo wa juu uone meno ya mbele. Tazama makalio, tazama nyayo za nyuma. Bonyeza tumbo taratibu, linapaswa kubonyea. Mara moja kwa wiki mpime uzito kwa mizani ya jikoni, ndani ya beseni, na uandike. Sungura wa kilo 2 akipungua gramu 200, kuna tatizo hata kama anaonekana mchangamfu.

Akiwa ametulia kivulini huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika, na joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40. Homa ya binadamu kwake ni kawaida, usishtuke ukisoma 39.

Ameacha kula, kinyesi kimekata

Hili ndilo linaloua sungura wengi wa nyumbani. Utumbo hupunguza mwendo, chakula kinakauka ndani, bakteria wabaya wanaongezeka, gesi inajaa, maumivu yanamfanya akatae kula zaidi, na kutokula kunazidi kuusimamisha utumbo. Chanzo mara nyingi ni lishe. Sungura anahitaji majani yenye nyuzi muda wote, mabichi au makavu, na hayo yawe sehemu kubwa ya anachokula kwa siku. Huku kwetu ukoka na majani marefu ya kando ya shamba yapo bure, lakini watu wanaona raha kununua pumba. Vyanzo vingine ni jino linalouma, joto, maji kuisha mchana kutwa, kuhamishwa, au hofu: mbwa aliyezunguka banda usiku, muziki wa harusi uliokesha jirani. Manyoya yanayokutwa tumboni yanasingiziwa sana. Kwa kawaida yamekusanyika humo kwa sababu utumbo ulishasimama.

Ukikuta chakula hakijaguswa, fuata mpangilio huu:

1. Mpe kile anachokipenda kuliko vyote, kwa mfano kijani cha giligilani au ukoka uliochumwa sasa hivi. Akikikataa hicho, anaumwa. Tazama saa na uiandike.

2. Gusa tumbo. Likiwa limewamba kama ngoma, usimlishe kitu chochote na usisubiri asubuhi. Mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, kwa sababu gesi ya namna hiyo huua kwa saa chache.

3. Gusa masikio. Yakiwa ya baridi, joto la mwili limeshuka, na hilo hutokea hata katika joto letu la pwani. Jaza chupa maji ya vuguvugu, ifunge kitambaa, ilaze ubavuni mwake, na mwachie nafasi ya kusogea akitaka.

4. Mpe maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Liingize pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, mililita 1 kwa mara, usubiri ameze. Usimlaze chali, maji yataingia mapafuni.

5. Kama tumbo ni laini na daktari yuko mbali, loweka chakula chake cha vidonge mpaka kiwe uji, uchuje kidogo, umpe kwa bomba lilelile. Anza na mililita chache. Akimeza vizuri fikisha kama mililita 10 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha urudie baada ya saa nne hadi sita.

6. Mwachie sakafuni atembee. Mwendo unausaidia utumbo.

Saa 12 bila kula au bila kinyesi ndio mwisho wa kujitibia nyumbani. Mtoto wa sungura usimpe hata saa hizo. Vilevile sungura anayesaga meno kwa nguvu, ukisikia ule mkwaruzo kutoka hatua mbili tatu, ana maumivu makali na anahitaji dawa ya kutuliza kutoka kwa daktari. Ule mtetemo mdogo wa meno unapompapasa kichwani ni tofauti. Pale anafurahi tu.

Kuhara, hasa masika

Sungura mkubwa anayehara maji ni dharura, hakuna mjadala. Kwa watoto wa kati ya wiki 4 na 16, mtuhumiwa wa kwanza ni koksidia, vijidudu vinavyoishi kwenye utumbo au ini. Utaona kuhara, wakati mwingine kwa damu au ute, mgongo uliotokeza mifupa, na tumbo kubwa kwenye mwili mdogo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sakafu ya banda haikauki na ndipo vizazi vizima vinapoteketea.

Mayai ya koksidia yanayotoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji kama siku mbili kwenye unyevu na joto ndipo yakomae. Kwa hiyo anayesafisha banda kila siku anayatupa kabla hayajawa na madhara, na anayesafisha Jumapili kwa Jumapili anayafuga. Dawa ya klorini haiyafanyi kitu. Yanakufa kwa maji yanayochemka na kwa jua kali, kwa hiyo anika mbao na vyombo. Weka sakafu ya wavu au mianzi yenye nafasi ili kinyesi kidondoke, na chakula kiwekwe kwenye kihori, siyo chini. Na wale wanaowalaumu kuku: koksidia ya kuku haimpati sungura. Anaipata kwa sungura mwenzake, mara nyingi mama yake ambaye haonyeshi dalili yoyote.

Dawa zipo, za salfa, amproliamu na toltrazurili, lakini kipimo kinategemea uzito. Peleka kinyesi kibichi kikapimwe kwa darubini kwanza. Nyingi ya kuhara za watoto wa sungura zinatokana na kuachishwa ziwa mapema na kubadilishiwa chakula ghafla, na hizo dawa ya koksidia haizigusi.

Joto la kaskazi

Sungura hatoki jasho. Anapoza mwili kupitia masikio na pumzi, basi. Anapenda nyuzi 15 hadi 21, na Tanga kuanzia Desemba hadi Machi mchana hupita 30, tena na unyevu. Banda la bati lililobanwa ukutani upande wa magharibi ni tanuri. Ezeka makuti juu yake, inua banda lipate upepo wa baharini, weka vyombo viwili vya maji ili kimoja kikipinduliwa kingine kibaki. Saa za jua kali weka ndani chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa. Atakuja kuiegemea mwenyewe.

Aliyezidiwa na joto hulala amejinyoosha, masikio mekundu na ya moto, anapumua haraka, mdomo wazi, udenda unamtoka. Sungura akipumua kwa mdomo ujue maji yamefika shingoni. Mpeleke kivulini kwenye upepo, lowesha masikio kwa maji ya mtungini, siyo ya barafu, mpepee, mnyweshe kama ana fahamu. Usimtumbukize kwenye ndoo. Hata akizinduka apelekwe akaonwe, kwani utumbo wake unaweza kusimama siku inayofuata.

Masikio, upele na fangasi

Jirani wa Makorora aliniletea dume lake kwenye kikapu. "Kaka, huyu kutwa anatikisa kichwa, nahisi ana wazimu." Nilipofunua sikio la kushoto, chini kabisa palikuwa na magaga ya rangi ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, na harufu ya kitu kilichochacha. Alinyoosha kucha abandue, nikamshika mkono. Chini ya magaga ni nyama tupu; ukibandua yakiwa makavu unamtoa damu na kumuumiza vibaya. Tulidondosha mafuta ya nazi yaliyopashwa kidogo, tukasugua sikio kwa nje. Kesho yake magaga ya juu yalitoka yenyewe kwa pamba. Ya ndani tuliyaacha. Ngozi ikipona, yanadondoka.

Huo ni utitiri wa masikio. Mafuta yanalainisha, hayamalizi. Dawa ni ivermektini, sindano chini ya ngozi, inayorudiwa baada ya siku 10 hadi 14 kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Chupa zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ni za ng'ombe, asilimia 1. Sungura wa kilo 2 kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo anahitaji mililita 0.04, tone tu, na kukisia kwa macho ni kumhatarisha. Apigwe na mtaalamu mwenye bomba dogo. Watibiwe sungura wote wa banda hilo siku moja.

Upele wa kwenye pua, kingo za masikio na vidole, wenye ngozi nyeupe iliyokakamaa, ni utitiri wa aina nyingine, na tiba yake ni hiyohiyo. Huu hata wewe unaweza kukuwasha mikononi. Fangasi nao huambukiza watu: mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya. Vaa glavu, watoto wasimbebe mpaka apone. Na tafadhali, oili chafu ya gari na mafuta ya taa tuviache. Sungura anajilamba mwili mzima, atameza vyote.

Meno, mafua, shingo kupinda

Meno ya sungura yanakua maisha yake yote, yale ya mbele kama milimita 2 kwa wiki, na yanasagwa na majani magumu. Dalili za meno kuharibika ni udenda, kidevu kilicholowa, kuchagua vyakula laini, kuangusha chakula. Meno ya mbele unayaona. Ya nyuma yanayochoma ulimi huyaoni, anayaona daktari. Usiyakate kwa koleo la kucha, yanapasuka hadi kwenye mzizi.

Chafya moja mbili baada ya kufagia vumbi si kitu. Chafya za kila siku, makamasi meupe na miguu ya mbele iliyoshikana manyoya ni mafua ya bakteria. Hayaishi yenyewe na yanaweza kushuka mapafuni au kupanda sikioni. Mtenge na wenzake, mwondoe kwenye harufu ya mkojo uliovunda, mpeleke ndani ya siku moja mbili. Akishindwa kupumua, sasa hivi.

Shingo ikipinda upande mmoja, macho yakachezacheza, akajiviringisha, wengi humchinja wakidhani karogwa au kavunjika. Mara nyingi ni maambukizi ya sikio la ndani au kimelea cha ubongo, na wengine hupona kwa matibabu ya wiki nne. Mzungushie nguo laini asijigonge, mlishe kwa mkono, mpeleke siku hiyo.

Funza

Sungura mwenye makalio machafu, kidonda au mkojo uliolowesha manyoya huvutia inzi. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, na funza huanza kula nyama hai. Ukikuta hata mmoja, toa kwa kibano unaowaona, kausha sehemu hiyo, usimloweshe mwili mzima, na uondoke kwenda kwa daktari. Wapo wengine ndani ya ngozi usiowaona.

Nyayo na mgongo

Sungura hana vitanga laini chini ya miguu kama paka, ana manyoya tu. Waya mtupu na sakafu yenye mkojo humtoboa visigino. Weka kipande cha ubao au mkeka wa kupumzikia, badilisha kikilowa. Kidonda chenye usaha au kinachoonyesha mfupa si cha kupaka dawa nyumbani. Usimwinue kwa masikio. Akirusha teke hewani bila kushikwa makalio, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Akiburuta miguu ya nyuma, mlaze kwenye kasha dogo na umpeleke.

Mkojo mwekundu

Unaweza kuwa wa njano, wa chungwa, hata mwekundu wa tofali kwa sababu ya rangi za majani, na mzito mweupe kwa ajili ya kalsiamu. Ukiwa mwekundu wote sawasawa na sungura anakula, tulia siku moja mbili. Madoa au mabonge ya damu ndani ya mkojo wa kawaida, au kujikamua bila kutoa kitu, ni shida. Jike lililopita miaka mitatu bila kufungwa kizazi na linalotoa damu linaweza kuwa na saratani ya kizazi, ugonjwa unaowapata majike wengi wa umri huo.

Dawa ambazo zinamuua

Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wakatawala, sungura akaharisha na kufa ndani ya siku chache. Vivyo hivyo linkomaisini, klindamaisini na erithromaisini. Kwa hiyo vidonge vilivyobaki vya mtoto wako visimguse. Dawa ya viroboto yenye fiproniili (fipronil), anayopakwa mbwa bila shida, ni sumu kwake. Dukani usiulize "mna dawa ya kuhara?" Uliza "hii imewahi kutumika kwa sungura, na kwa kilo ni kiasi gani?" Muuzaji akisita, rudisha.

Kwenye majani, epuka ya parachichi, ya nyanya, kisamvu kibichi na mnyaa wa uzioni. Lusina kidogo tu. Ikizidi inamtoa manyoya.

Kumpata daktari Tanga

Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa, na wataalamu wetu wengi mikono yao imezoea ng'ombe. Mtafute mtu kabla hujamhitaji: anza na afisa mifugo wa kata yako, umuulize waziwazi nani anatibu sungura. Buhuri kuna chuo cha mifugo, na huko wapo watu wa kukuelekeza. Kwa upasuaji mgumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, safari ya kupanga na si ya usiku wa dharura.

Msafirishe asubuhi na mapema au jioni, kwenye kikapu chenye mfuniko na majani ndani. Bajaji ni afadhali kuliko bodaboda; jua na kelele vinammaliza. Beba kinyesi chake kwenye kikopo safi. Sema uzito, umri, saa aliyokula mwisho, na kila dawa uliyompa hata kama unaona aibu nayo. Asifungishwe njaa kabla ya upasuaji kama anavyofanywa mbwa. Hatapiki, na tumbo tupu ni hatari zaidi kwake.

Wakifa sungura wakubwa kadhaa ndani ya siku mbili tatu bila dalili, au damu ikitoka puani, usiuze nyama wala usigawe waliobaki. Kuna ugonjwa wa virusi wa kutoka damu uliofika Afrika Kusini mwaka 2022. Mpigie afisa mifugo, zika mizoga kwa kina, na usiingie kwenye banda la mwenzako kwa viatu hivyohivyo.

Aliyetibiwa akirudi, akae peke yake karibu na wenzake, waonane kupitia wavu. Ana harufu ya dawa na wanaweza kumng'ata. Wachanganye atakapokuwa anakula mwenyewe na kutoa punje za ukubwa wa kawaida siku mbili mfululizo.